Chupa Zilizomnywa Baba

Tanuru langu la sasa halina harufu. Ni sanduku la chuma lenye kifuniko, linatumia stima, na siku niliyolipata niliwasha, nikavuta kiti, nikakaa karibu nalo nikingoja pua iniambie moto umefika wapi. Pua haikuambiwa kitu. Namba zilipanda kwenye kidude chake cha mbele, na ndani vipande vyangu vya chupa vikaanza kulegea, vikashusha mabega, vikaegemeana kama watu wanaosinzia kwenye benchi moja. Kazi ilitoka safi kabisa. Hata hivyo siku nzima nilijikuta nikinusa viganja vyangu, nikitafuta harufu ya udongo unaoiva na ya kuni za mkaratusi zisizokauka vizuri.

Watu huniuliza nilisomea wapi kuyeyusha vioo. Huwa nawapa jibu fupi, maana jibu refu linaanzia kitandani mwa baba.

Wa rika langu mtakumbuka jinsi tulivyokuwa tukienda hospitali na chupa zetu mkononi. Dawa ya maji ilikuwepo, chupa haikuwepo, na kama hukubeba yako ulinunua kwa akina mama waliokaa nje ya lango na beseni la chupa zilizooshwa. Kwa hiyo dawa za baba zilifika kwetu Kosele zikiwa kwenye chupa za kila namna: ya soda, ile bapa ya brandi, nyingi za kahawia, na moja ya buluu, buluu nzito kama wino, ambayo mpaka leo sijui mama aliipata wapi. Alizipanga kwenye ukingo wa dirisha. Asubuhi jua lilipopita ndani yake, ukuta wetu wa udongo ulijaa madoa ya rangi, na baba, ambaye hakuweza tena kutoka nje, aligeuza uso akayatazama.

"Achieng', njoo uone sinema yangu," alikuwa akiniambia.

Baba alikuwa mchuuzi wa samaki. Alinunua Karungu, akauza Homa Bay, na kabla hajaugua aliweza kuinua tenga la samaki peke yake huku akipiga soga. Ugonjwa wake haukuwa na jina nyumbani. Watu wazima walisema "homa", kisha wakatazama chini. Mimi nilikuwa mtoto wa darasa la pili, sikuambiwa lolote, lakini macho nilikuwa nayo. Niliona kwamba kila chupa ilipoisha, baba naye alikuwa amepungua. Mama angeitikisa karibu na sikio, aseme, "Hii nayo imeisha," na nikimtazama baba naona mifupa ya shingo imejitokeza zaidi. Nikaunganisha mambo mwenyewe. Baba hakuwa anakunywa dawa. Dawa ndiyo iliyokuwa ikimnywa baba. Alikuwa akiondoka kidogo kidogo kupitia mdomo, akihamia kwenye chupa.

Sikumwambia mtu, kwa sababu sikuona haja. Nilikuwa mtoto wa kutenda. Kila chupa ilipokuwa tupu niliichukua kabla haijatupwa, nikaiziba kwa gunzi la hindi nikilisokomeza mpaka lisiweze kutoka, nikaitia kwenye gunia chini ya kitanda changu. Nilijua kwamba siku moja tungemhitaji, na kwamba siku hiyo wangeniuliza mimi.

Baba alifariki mwanzoni mwa likizo. Watu walijaa uani, wakalia, wakaimba, wakala, wakaondoka. Katika zile siku zote mimi nilikaa karibu na kitanda changu. Walimu wa kanisa waliposema baba amekwenda, niliwaonea huruma kwa kutojua.

Baada ya matanga kumalizika, baba mdogo alikuja. Huyu alikuwa mdogo wake baba, boma lake lilikuwa ng'ambo ya ua wetu, na hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, akaitazama nyumba yetu, ambayo kwa kweli ilikuwa imeanza kulala upande mmoja.

"Mama Achieng'," akasema, "nyumba ya marehemu imeinama. Mvua ya masika ikija italala chini. Hamieni kwangu, wewe na mtoto. Mila iko wazi kuhusu mke wa marehemu."

Mimi nilifurahi. Kuhamia kwake kulikuwa kuruka ua tu, na kwake kulikuwa na ndama. Sikuelewa kwa nini mama aliweka chini sufuria aliyokuwa akiisugua, wala kwa nini alijifuta mikono muda mrefu hivyo.

"Nyumba imeinama, shemeji," akajibu. "Mimi sijainama."

"Yawa! Kwani nimekutukana?"

"Hujanitukana. Nimesema tu. Nitafyatua matofali, nijenge hapa hapa."

"Utafyatua na nani?"

Mama akamwonyesha viganja vyake. Baba mdogo alicheka, lakini kicheko chake hakikufika mbali. Akaaga, akapita uwazi wa ua bila kugeuka nyuma.

Ndivyo ulivyoanza msimu wa matope. Tulichimba udongo kwenye kichuguu karibu na kijito, tukaumwagia maji, na kazi yangu ikawa kuukanyaga. Mpaka leo nyayo zangu zinakumbuka ule udongo ulivyokuwa baridi juu na vuguvugu chini, na jinsi ulivyonivuta kila nilipoinua mguu. Mama alitoka shambani, akala amesimama, akashika kalibu ya mbao, akafyatua matofali mpaka jua lilipoanguka. Akina mama wa kanisani walikuja na mitungi ya maji. Tulianika matofali kwa mistari, tukayafunika nyasi, na kuku walipita juu yake wakiacha saini zao. Wapita njia walisimama kutazama. Wengine walisema pole, wengine walisema mama ameanza kuchanganyikiwa na msiba. Mama aliwaitikia wote kwa sauti ile ile.

Matofali yalipokauka alimwita Fundi Mwita. Mwita alikuwa Mkuria kutoka upande wa Migori, mwembamba, mkali wa macho, mpiga matanuru kwa kazi. Kijaluo chake kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo naye tuliongea Kiswahili, mara yangu ya kwanza kukitumia nje ya darasa. Alipanga matofali yakawa mnara mfupi wenye midomo chini ya kutilia kuni, akaniruhusu nimkabidhi moja moja, na akanigombeza kila nilipompa lililopinda.

Siku moja kabla ya kuwasha, mama alikwenda kutafuta magunia ya kuloweka maji, ya kuweka karibu na moto. Akainama chini ya kitanda changu, akavuta. Gunia likalia kengele.

Akalifungua. Akatoa chupa moja, nyingine, nyingine tena, zote zimezibwa kwa magunzi. Akakaa sakafuni.

"Achieng'. Hizi ni nini?"

"Ni baba," nikasema.

Hakucheka. Aliniuliza nimweleze, nami nikamweleza vizuri, kama mtu anayetoa hesabu ya kazi aliyoifanya kwa uaminifu: jinsi chupa zilivyomnywa, jinsi nilivyoziba haraka asitoroke, jinsi yote yalivyokuwa humo, hakuna kilichomwagika. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akalishika gunzi la ile chupa bapa, akalizungusha, likatoka.

"Nusa."

Nikanusa. Ilikuwa harufu ya dawa ya kikohozi iliyochacha.

"Huyo ni baba?"

Nilitamani kusema ndiyo. "Hapana," nikasema.

"Baba yako hakunywewa na chupa, nyathina, mwanangu. Aliugua. Ugonjwa ulikuwa mkubwa kuliko dawa yetu. Tulijaribu, ukatushinda."

"Sasa yuko wapi?"

"Hayupo."

Hakuna aliyekuwa ameniambia neno hilo. Wote walikuwa wamesema amekwenda, amelala, ameitwa, na maneno hayo yote yana njia ya kurudi. Nililia pale chini siku hiyo, kilio ambacho sikukilia matangani, na mama alinishika huku chupa zimetuzunguka. Nilipotulia aliziokota moja moja.

"Kuzirudisha chini ya kitanda siwezi," akasema. "Kuzitupa pia siwezi." Akatazama nje, kwenye tanuru. "Ziingie humo. Ziende na matofali."

Fundi Mwita hakutaka kabisa.

"Mama, chupa inapasuka! Inaruka kama risasi. Hii tanuru si shimo ya takataka."

"Tanuru ni yangu, fundi."

"Tanuru ni yako, lakini jina ni yangu. Ikianguka, watu watasema ni ya Mwita."

Walibishana pale mpaka chai ikapoa. Mwishowe Mwita alinitazama, nadhani aliona macho yangu yalivyovimba, akakuna kichwa. "Sawa. Lakini zivunjwe. Kipande haina shida kama ile ya chupa imefungwa. Na zikae juu, mbali na mdomo ya moto."

Nikazivunja mwenyewe. Nilizifunga kwenye kitambaa, nikagonga kwa jiwe, na nilidhani kila pigo litaniuma, lakini sauti ilikuwa tamu, nikagonga tena. Mama aliniletea kitako cha chungu kilichopasuka, tukakitandika majivu yaliyochekechwa. Kisha nikaanza kupanga. Sikufikiria kwamba napanga. Niliweka buluu katikati, kahawia pembeni yake, zile nyeupe na za kijani ukingoni, nikaona hapana, nikatoa, nikasogeza, nikalaza kipande kimoja juu ya kingine ili rangi zipandane. Mwita alisimama juu ya tanuru mkono ameunyoosha, akinisubiri.

"Unapika chakula ya nani wewe? Lete!"

"Bado," nikamwambia.

Nimewaambia watu wengi neno hilo tangu siku hiyo. Nikaongeza kipande cha kahawia, nikaona imekaa, nikampa.

Tanuru lilipopakwa matope nje na kuni zikapangwa, Mwita alisema mwenye nyumba awashe. Baba mdogo alikuwa amesimama upande wake wa ua, mikono nyuma. Kila mtu alijua kwamba kuna watakaosema hiyo si kazi ya mjane. Mama alichukua kijinga kutoka jikoni kwake, akapiga magoti mbele ya kila mdomo wa tanuru, akawasha wote.

Kesho yake mchana upepo ukageuka. Wingu lilipanda kutoka upande wa ziwa, jeusi chini na jeupe juu, na tukasikia harufu ya mvua kabla ya tone lolote. Hiyo ndiyo saa mbaya kabisa kwa tanuru. Moto ulikuwa umefika katikati, matofali ya juu yalikuwa bado hayajaiva, na maji yakiyapata yanarudi kuwa matope, yanaporomoka, yanaangusha kila kitu.

"Mabati!" Mwita akapiga kelele. "Mama, leta mabati!"

Hatukuwa na mabati. Paa letu lilikuwa la nyasi. Mama alitupa magunia juu ya tanuru, mikeka, hata godoro la baba, na upepo ukaanza kuvirusha kimoja kimoja. Nakumbuka nilimwona amesimama katikati ya uwanja na mkeka mkononi, nywele zimefunguka, akitazama huku na huku, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikaona kwamba mama anaweza kushindwa.

Ndipo nikasikia chuma kikigongana. Baba mdogo alikuwa akipita kwenye uwazi wa ua na mabati kichwani, mabati ya banda la ng'ombe wake, misumari bado inaning'inia. Nyuma yake ng'ombe walikuwa wamesimama chini ya anga tupu wakishangaa. Alipanda tanuru na viatu, akalaza bati la kwanza, akaungua kiganja, akalitukana, akalaza la pili. Mama akapanda upande mwingine. Mvua ikatufikia wakiwa juu, ikapiga yale mabati kwa kishindo, mvuke ukapanda pande zote mpaka nikawa siwaoni, nasikia sauti tu.

"Ero kamano, shemeji," hiyo ilikuwa ya mama. Asante.

"Ni matofali ya ndugu yangu."

"Ni matofali yangu."

Bati likakwaruza juu ya bati.

"Haya," baba mdogo akasema. "Ni yako. Sasa shika upande huo usiondoke na upepo."

Tanuru likasimama. Moto ulipomaliza kazi Mwita aliziba midomo yote kwa matope, akatukataza kugusa. Nami nilitaka kufungua siku hiyo hiyo. Nilimfuata kila alipokwenda.

"Fundi, imeiva?"

"Imeiva."

"Basi tufungue."

"Ukifungua sasa, baridi itaingia ghafla, kila kitu itapasuka. Wacha isahau moto yenyewe."

Kila nilipotoka kulisha kuku nilipitia kwenye tanuru, nikaegemeza shavu ukutani. Lilikuwa na joto la tumbo la ng'ombe, kisha la mkate uliokaa, kisha la jiwe la jioni. Miaka mingi baadaye nilikaa darasani na mwalimu akatueleza kwamba kioo kikipoozwa haraka hujipasua chenyewe, hata baada ya wiki, na kwamba nusu ya ufundi ni kukipoza polepole. Wenzangu waliandika. Mimi shavu langu lilipata joto.

Mwita alipofungua alianzia juu, kwa hiyo chungu changu kilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza. Akakishusha, akapuliza majivu, akanisogezea. Nilipochungulia sikuona vipande. Kulikuwa na kitu kimoja. Kilikuwa kizito kama sahani ya mawe, kingo zimekuwa laini kama sabuni iliyotumika, kahawia imemwagikia kijani, na ndani kulikuwa na mapovu madogo yaliyosimama palepale yalipokuwa yakipanda. Buluu peke yake ilikuwa imekataa. Ufa mwembamba uliizunguka pande zote, nilipoigusa ikatoka nzima mkononi mwangu, kama kokwa. Leo naweza kueleza sababu: chupa za viwanda tofauti hazinywei sawa zikipoa, moja inavuta, nyingine inagoma. Siku ile niliona tu kwamba kuna zilizopatana na kuna moja ambayo haikutaka.

Mwita alikigonga kwa ukucha, akasikiliza. "Hii ni kitu," akasema, na kutoka kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Mama alikiinua juu kuelekea jua. Rangi ya asali ikamshukia usoni, kwenye shingo, kwenye gauni lake jeusi la msiba.

"Kumbe vinaweza kushikana," akasema.

Nyumba ilijengwa kabla ya masika. Fundi wa kuta aliombwa aache tundu upande wa mashariki, akauliza la nini, akaonyeshwa, akaliacha, na kile kioo kikapachikwa humo. Baba mdogo ndiye aliyekuwa akileta wageni kutazama. Alisimama nje na kuwaeleza kwa mikono jinsi chupa zilivyoingia motoni, na kwa maelezo yake yale mabati ya banda yalikuwa sehemu kubwa ya ufundi. Hatukumkatiza. Mimi nilikuwa ndani nikingoja waingie, nikiwa na hakika, kama mtoto tu anavyoweza kuwa na hakika, kwamba hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kufanya jambo hilo.

Kiangazi kilichofuata mama na Mwita walichoma matofali ya kuuza, nami nikapewa nafasi yangu juu ya tanuru bila ubishi. Habari zilikuwa zimetembea. Ndipo alipokuja Mama Owiti, rafiki wa mama tangu usichana wao Karungu. Mumewe alikuwa mvuvi wa omena, na ziwa lilikuwa limemchukua pamoja na mtumbwi. Kilichorudi ufukoni ni karabai yake, ile taa ya mafuta wanayoelea nayo kuwaita omena, ikiwa bado imefungwa kwenye vipande vyake vya mbao. Alifungua leso mapajani mwake, akatoa kioo cha ile taa, kizima, hakina hata mkwaruzo.

"Nimesikia una mtoto anayeweka watu kwenye madirisha," alimwambia mama.

"Si watu," nikamsahihisha. "Ni chupa."

"Haya, chupa. Na hiki utakifanyaje?"

Sikujua. "Nitakitia motoni," nikasema, kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote.

Hakutaka kivunjwe, kwa hiyo nilikilaza kizima kwenye majivu, nikakizungushia vipande vya chupa za soda, nikaona pambo lake tayari kichwani mwangu. Tanuru likawaka, likapoa, likafunguliwa. Chupa za soda zilikuwa zimelala chini kama maji. Kioo cha karabai kilikuwa juu yake vile vile kilivyoingia. Hakikupinda. Hakikufifia. Nilikipangusa majivu kwa kanga ya mama, kikang'aa.

Mama Owiti alipokuja kukichukua nilimkabidhi bila kumtazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi na yote yalikuwa yamenipotea.

"Kimekataa," nikasema. "Moto umekishinda. Yaani, kimeushinda moto."

Akakigeuza. Akakitazama huku na huku, akapitisha kidole ndani. Mabega yake yakaanza kutetemeka, nikamtazama mama nikitaka msaada, maana nilidhani nimemliza mjane wa watu. Lakini alipoinua uso alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Huyo ndiye yeye," akamwambia mama. "Min Achieng', si unamkumbuka? Hata umwambie nini. Hata umwambie kuna wingu!"

Mama naye akashikwa, wakacheka wote wawili pale kwenye kivuli cha nyumba, wakipigana mapaja, wakifuta macho, wakianza upya. Walipochoka, Mama Owiti alitandaza leso yake, akaweka kioo katikati, akaanza kukifunga ili aende nacho.

"Niachie," nikasema.

"Cha nini tena, mtoto wangu? Si kimekataa?"

"Niachie tu. Sijamalizana nacho."

Akanitazama, mtoto mwenye majivu mpaka kwenye nyusi. Kisha akaifungua leso.